Mzabibu wa Mkwe Aliyehamia

Mume wangu Murman alianza na chuma. Hapa kwetu Kakheti, bonde la mizabibu, mtu huanza na mche, akaungoja, ukirefuka ndipo anautafutia miti ya kuegemea. Murman alikuwa amechomelea vyuma kiwandani, mjini Rustavi, miaka ishirini na miwili, kwa hiyo alinunua mabomba kwanza. Akayachomelea siku nne mfululizo, akasimamisha katikati ya ua wa mama yangu kichanja ambacho kingeweza kubeba lori pamoja na dereva wake. Akakipaka rangi ya kijani. Ndipo akauliza ni wapi wanauza miche ya mizabibu.

"Shemeji," jirani yetu Zakro alimwita kutoka ng'ambo ya uzio, "naona chuma kimeshaota. Kitazaa lini?"

Zakro ana mizabibu mingi kuliko sote, na hakuna mkono hodari kama wake wa kubebesha miche, kuunganisha tawi la mti mmoja juu ya shina la mwingine. Ulimi wake ndio hauna kufuli. Murman alicheka, lakini masikio yakamwiva, na mimi nayajua masikio ya mume wangu.

Lazima niseme mapema Murman ni nani nyumbani kwetu, maana hapo ndipo penye kisa. Baba yangu Ilarion alipofariki, mama yangu, Agrapina, alibaki peke yake na kuku kumi na mmoja, mitungi ya mvinyo iliyofukiwa ardhini, na ule mzabibu wa baba kwenye pembe ya nyumba. Wakati huohuo kiwanda kilikuwa kinapunguza watu. Nikamwambia Murman twende kwetu, na yeye akakubali, kwa ajili yangu. Mume anayehamia kwa mkewe huitwa zedsidze, na sijawahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo bila kuinua nyusi.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama hakumpa jembe. Huo ndio ulikuwa msiba wenyewe. Alimkalisha kwenye kiti chenye mto, akampakulia nyama kabla ya mtu mwingine yeyote, akammenyea yai. Murman akigusa shoka, mama alikuwa ameshalichukua: "Pumzika, Murman, utaumia." Wageni wakija, badala ya kumwachia Murman aongoze meza na kuwatakia watu heri kwa kikombe, alimwita Zakro avuke uzio. Kwa nje ilikuwa heshima tupu. Kwa ndani ilikuwa njia ya kumwambia kila siku kwamba hapa si kwake.

"Lamzira," aliniambia tukiwa chumbani, "nimekuwa mgeni miezi kumi na minane. Hata hotelini wangekuwa wamenifukuza."

Ndipo akaamua kupanda mzabibu. Wa kwake, kwa mikono yake, katikati ya ua. Alisema mwenye mzabibu hawezi kuitwa mgeni, na mimi nilimwona ana akili.

Sitamdhulumu: alipanda vizuri. Alichimba shimo lililomfika kiunoni, mpaka Zakro akamuuliza kama anapanda mzabibu au anazika mtu. Akatia mbolea ya ng'ombe ya mwaka juzi, akauloweka mche usiku kucha, akatandaza mizizi kwa vidole kama anayemchana mtoto nywele. Mche ulikuwa wa kubebeshwa, kutoka soko la Telavi, umechovywa kichwa kwenye nta nyekundu. Na kila mtoto wa hapa anajua mche wa namna hiyo ni miti miwili. Chini ni shina la Kimarekani, ambalo kile kidudu kinachokula mizizi hakiliwezi. Juu ni zabibu yetu. Wa chini una nguvu, wa juu una utamu, na kazi ya mwenye mche ni kuhakikisha wa chini unabeba tu, haupati nafasi ya kuchipua.

Nimesema kila mtoto wa hapa. Murman ni mtoto wa Rustavi.

Mwezi wa Mei mche ulitoa machipukizi mawili. Moja lilitoka juu kwenye nta, jembamba, linajivutavuta. Jingine lilitoka chini ya kiungo, nene, jekundu shingoni, linapanda kwa kasi. Murman alikuwa na kitabu. Kitabu kilisema: acha chipukizi moja lenye nguvu kuliko yote, mengine yaondoe. Murman akafanya alivyoambiwa. Alifanya kwa makini sana, kwa wembe mpya.

Niliyaona majani mwezi wa Juni nikianika shuka. Jani la zabibu yetu ni pana, lina mikato kama kiganja. Lile lilikuwa dogo, la mviringo, linang'aa kama limepakwa mafuta. Nilikimbia jikoni.

"Mama! Murman amekata zabibu, ameacha shina la Kimarekani!"

"Nimeona," mama alisema, huku anakatakata vitunguu.

"Tangu lini?"

"Tangu alipokata. Nilikuwa barazani."

"Na hukumwambia?"

"Hajauliza. Akiuliza nitamwambia. Mtu asiyeuliza njia, usimkimbilie."

Ningemwambia mimi. Nakiri. Niliingia chumbani nimekwisha kupanga maneno, nikamkuta amekaa kitandani anachora kwenye karatasi ni wapi tutaweka meza kivuli kikishakamilika. Alikuwa amechora mpaka viti. Cha mama alikiweka kichwani mwa meza, chake kando yake. Nikajiambia nitasema kesho. Kesho hiyo ilichukua miaka mitatu.

Na jamani, ule mzabibu ulikua! Mwaka wa pili ulifika juu ya mabomba, ukatambaa, ukashuka upande wa pili. Murman aliupa maji kabla hajanywa chai yake. Aliufunga kwa vipande vya soksi zake mwenyewe ili usichubuke. Watu waliokuwa wakipita walisimama langoni kuusifia, na mimi nilikuwa nikisikia vicheko vyao vikianzia kwenye kona ya barabara. Murman akisikia, alidhani wana wivu.

"Zakro wivu unamla," aliniambia. "Umeona anavyoutazama?"

"Nimeona," nilisema. Mungu anisamehe.

Mwaka wa tatu ulichanua. Lile shina la Kimarekani lilikuwa dume, na maua ya dume yananukia kuliko ya jike, hilo ndilo la kuudhi. Ua mzima ulinukia. Murman alimshika Zakro mkono, akamleta hadi chini ya kichanja anuse.

"Unasemaje sasa, bwana mkubwa?"

"Shemeji," Zakro alisema, machozi ya kicheko yakimlengalenga, "maua kama haya sijapata kuyaona."

Maua yalikauka, yakapukutika, na hakuna hata punje moja iliyobaki. Murman aliwalaumu nyuki. Kisha upepo. Kisha akalaumu jicho la husuda, akafunga utepe mwekundu kwenye bomba. Zakro alinong'ona uzioni kwamba ng'ombe wa maskini hazai, akizaa huzaa dume. Bahati nzuri Murman alikuwa mbali.

Mwezi wa Septemba kijiji kizima kilipokuwa kinavuna, alikuja jikoni akaegemea mlango. Hakuwa na mzaha.

"Rafiki yangu amefungua karakana Rustavi. Ananiwekea nafasi mpaka Pasaka. Nimekaa hapa nikajitahidi, Lamzira. Hata mti umenikataa. Pasaka ikipita, turudi."

Hapo niliogopa. Ningerudi naye, mke hufuata, lakini mama je? Ningemwacha na nani? Na ningesemaje sasa, baada ya kunyamaza mpaka mwaka wa tatu? Kila siku niliyonyamaza ilikuwa imeongeza uzito wa neno lenyewe, mpaka likanishinda kulibeba.

Wakati ule ule mzabibu wa baba ulikuwa unakufa. Ulikuwa budeshuri, zabibu nyeupe ya kula, aliyoipanda babu ya baba yangu kwa tawi tupu, juu ya mizizi yake yenyewe, bila kubebeshwa popote, kama walivyopanda watu wa zamani. Kidudu kilikuwa kimeufikia. Kiangazi kile majani yalikuwa ya manjano mwezi wa Julai, na ni mkono mmoja tu uliotoa vishada, vitatu, vidogo. Mama alivichuma mwenyewe. Hakutugawia. Alivila vyote peke yake barazani, polepole, na hakuna aliyemsemesha.

Februari nilimkuta juu ya ngazi, ana miaka sabini na minne, anakata vikonyo, vijitawi vyenye macho, kutoka ule mkono mmoja uliobaki hai. Alivifunga kwa uzi, akavifukia mchangani kwenye chumba cha mitungi. Nilipomuuliza, akiwa bado juu, ni vya nini, alisema nishike ngazi.

Siku tisa kabla ya Pasaka mama alitoka nje na msumeno ndani ya aproni. Zakro alikuwa nyuma yake, ana kisu chake cha kubebeshea na vipande vya kamba. Murman alikuwa juu ya kiti anafunga matawi. Mama alifungua mdomo aseme, na naamini alikuwa amejiandaa kusema vizuri. Lakini Zakro alimtangulia.

"Haya, shemeji, shuka. Tumekuja kumkata huyu dume wako."

Murman alishuka. "Dume? Dume gani?"

Zakro aligundua alichofanya, akaanza kukikagua kisu chake.

"Zakro. Dume gani?"

"Hilo ni shina, shemeji. La Kimarekani. Zabibu yenyewe uliikata ule mwaka wa kwanza. Hili halizai. Halikuumbwa lizae."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu… mwaka wa kwanza."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi. Mke wangu. Yule mama wa mikate. Watu wa kule juu. Padri."

"Padri!"

"Alikuja kubariki nyumba, shemeji. Ana macho."

Murman aligeuka akanitazama. Sikuwahi kuogopa macho ya mume wangu kabla ya siku ile. "Na wewe?"

"Nilijua," nikasema.

"Miaka mitatu unanitazama nikiumwagilia."

Aliiweka ile kamba ya soksi juu ya kiti, taratibu, akaingia ndani. Nikasikia mlango wa kabati la nguo.

Mama alinisukuma pembeni, akamfuata. Tangu tuhamie hakuwahi kukanyaga chumba chetu, maana mgeni haingiliwi. Safari hii hata hodi hakupiga. Nilisimama nje, ukutani karibu na dirisha, na Zakro akaja kusimama nami. Nikamwambia aende zake. Akabaki.

"Kwa nini hukuniambia?" ilikuwa sauti ya Murman.

"Hukuuliza."

"Ningekuuliza vipi, mama mkwe? Nimeomba chumvi mara mbili katika nyumba hii, na mara zote mbili uliinuka kuniletea kama mimi ni balozi! Mtu wa namna hiyo anauliza?"

Nikasikia kitanda kinalia, mama alikuwa amekaa.

"Mwaka wa kwanza nilikuwa nakucheka," alisema. "Sitakudanganya. Nilikuona na ule wembe, umetoa ulimi nje kwa makini, unakata kichwa na kuacha miguu. Niliingia chumbani kwangu nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Tangu Ilarion azikwe nilikuwa sijacheka. Basi nikasema, mwache aendelee kidogo."

"Ahsante."

"Sijamaliza. Mwaka wa pili sikucheka. Nilianza kuona majani ya mzabibu wa Ilarion yanageuka rangi. Nikawa nautazama ule na nautazama wako. Wako una shina nene kama mkono wa mtu. Umeulisha vizuri. Sijaona shina la miaka mitatu lenye afya namna hiyo, hata kwa Zakro."

Zakro alikunja uso pale ukutani, lakini hakubisha.

"Wa Ilarion haufiki mwakani," mama aliendelea. "Vikonyo ninavyo. Mzizi wa kuvibeba sina. Huo wako tu."

"Basi kata," Murman alisema. "Ua si wako?"

"Ua ni wangu. Mzabibu si wangu. Ndiyo maana nimekuja kukuomba."

Zakro akanishika bega.

"Unaniomba? Mimi?"

"Nakuomba. Usinifanye nirudie, mwanangu, nimeshazeeka."

Murman alitoka kwanza. Mkononi hakuwa na sanduku. Alipita mbele yangu kama mimi ni hewa, akaenda hadi kwenye shina, akaupokea msumeno wa mama, akapitisha kidole kwenye meno yake.

"Butu," alisema. "Mnataka kukata au kutafuna?"

Akaenda kuchukua wa kwake. Alipiga goti, akapima upana wa vidole vinne kutoka ardhini, akakata. Mtu wa chuma hukata kwa unyoofu. Zakro mwenyewe aliutazama ule mkato na kutikisa kichwa kwa sifa. Matawi yote marefu, miaka mitatu ya maji na mbolea, yalining'inia kwenye mabomba hayana tena pa kushikilia. Kisiki kilianza kutoa maji, tone baada ya tone, kama mizabibu yote inavyofanya majira hayo.

"Kinakufa?" Murman aliuliza. Aliuliza haraka, bila kufikiri.

"Hakifi," mama alisema. "Kinalia tu. Kitanyamaza. Sasa lete maji. Si hayo! Ya ile ndoo ya bati. Halafu shika hapa. Hapa, nimesema, una macho ya kazi gani?"

Sikuwahi kumsikia mama akimfokea Murman. Na sikuwahi kumwona Murman akikimbilia ndoo namna ile.

Zakro alipasua kisiki katikati, akachonga vikonyo viwili vya budeshuri kama kabari, akavisukuma ndani ya ufa, kimoja kila upande, ganda likagusana na ganda. Murman alishika. Mama alifunga kamba. Kisha wote watatu wakafukia kwa udongo laini na mchanga mpaka ukabaki mlima mdogo tu, na juu yake macho mawili ya vikonyo yanachungulia. Zakro alianza kusema yale matawi yakikauka yatafaa sana kwa moto wa mishikaki. Nikamkanyaga mguu.

"Vikishika," alisema badala yake, "na shina lenye nguvu hivi, mwaka huu vitafika juu ya chuma, mwaka wa pili mtachuma zabibu."

"Za kwanza ni zangu," mama alisema papo hapo. "Juu ni wa Ilarion, chini ni wa Murman, mdomo ni wangu."

"Na mimi fundi?" Zakro aliuliza.

"Wewe utapata za pili," Murman alimwambia. "Kwa sharti: usimlete padri."

Mama alicheka. Nami nikacheka kidogo, nikijaribu kuona kama nimekaribishwa.

"Na Lamzira?" Zakro aliuliza. Nilitamani kumkanyaga tena.

Murman alikuwa bado amepiga magoti, anapapasa udongo kwa viganja vyote viwili. Hakuinua macho.

"Huyo haonji. Mwaka wa pili zikiiva atakaa pale ngazini mwa baraza, tutakula mbele yake, moja moja, nami nitamhesabia. Ana muda wa kutosha wa kujiandaa."

Nilibaki nimesimama na ndoo. Hakuwa ameniangalia tangu nilipokiri na hangeniangalia kwa siku tatu zaidi, hilo nalijua. Lakini alikuwa amesema mwaka wa pili. Alikuwa amesema pale ngazini. Niliingia jikoni haraka, nikafunga mlango, nikalia kwa furaha mpaka maharage yakaungua, na jioni ile Murman alikula sahani mbili za maharage yaliyoungua bila kusema neno.